Mluzi wa Baba Mkwe

"Sijasema umeiba, Shangazi. Nimesema mmeiba. Wewe na Baba, wote wawili."

"Kaka, unasikia mke wetu anavyotupaka matope?" Shangazi alizikusanya karata mezani bila haraka, kama mtu anayeokota mboga zake mwenyewe shambani kwake. "Karata tumezishika mbele ya macho yako. Mikono iko juu ya meza. Tumeiba kwa kutumia nini, masikio?"

"Hilo ndilo nitakalolijua."

"Ukilijua utuambie na sisi, tufaidi," alisema Mzee, akapuliza chai yake na kumeza funda la ushindi.

Fundi aligeuka kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo moja kubwa: ukiona wawili wanagombea njia, wewe simama pembeni uwashe taa za hatari. Alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba ameangusha kitu humo.

"Na wewe husemi?"

"Mimi nimefungwa pamoja na wewe, mke wangu. Mfungwa mwenzako atakutetea vipi?"

Nyumba hiyo haikupiga kura, ilicheza karata. Mzee aliianzisha desturi hiyo siku nyingi zilizopita, watoto wake walipokuwa wadogo na kila mmoja anataka kukalia kiti cha karibu na dirisha. Tangu hapo kila jambo lisiloamuliwa kwa maneno liliamuliwa Jumapili mchana, wawili kwa wawili: Mzee na dada yake upande mmoja, wengine upande wa pili. Ndiyo maana geti lilikuwa la kijani, rangi ambayo hakuna aliyeitaka isipokuwa Mzee. Ndiyo maana televisheni ilizimwa wakati wa taarifa za michezo ili Shangazi asikilize kwaya. Aliyeshindwa aliruhusiwa kudai tena Jumapili iliyofuata, na aliyedai tena alishindwa tena.

Safari hii kilichogombewa kilikuwa chumba cha mbele.

Fundi alishonea ukumbini, kwenye ule ujia mwembamba kati ya jikoni na bafu. Cherehani yake ilibanwa na mapipa mawili ya maji, na kila aliyekwenda kuoga alipita mgongoni kwake. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja alikuwa anajaribu gauni lake, mikono juu, pini kila mahali, ndipo Mzee alipotokea na taulo kiunoni na mswaki mdomoni, akasema, "Hongera sana, mwanangu," akapita. Bibi harusi alilichukua gauni. Wasimamizi wake sita walikwenda kushonewa kwingine.

Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana linalotazama barabara, mwanga wa kumwaga, na mlango wake mwenyewe. Kilikaliwa na redio. Mzee alikuwa amezipanga ukutani hadi darini, za mbao, za bati, zenye masikio na zisizo na masikio, na hakuna hata moja iliyokuwa inasema neno. Aliziita wagonjwa wake. Kila asubuhi aliwazungukia, akafuta vumbi, akarudi kunywa chai.

Na sasa mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa tayari kumpa Fundi kazi ya sare za shule nzima, ila alitaka kwanza kuiona karakana. Karakana, ndivyo alivyosema. Angefika Jumatatu ya wiki iliyofuata. Fundi alijibu karibu sana, akakata simu, akayatazama mapipa ya maji.

Ilikuwa imebaki Jumapili moja tu.

Usiku ule, mumewe akishavua viatu, Fundi alisema, "Baba anapiga mluzi."

"Baba amepiga mluzi tangu nazaliwa. Lile pengo la jino linamtekenya."

"Anapiga zamu ya Shangazi ikifika. Zamu yangu hapigi. Zamu yako hapigi."

"Labda anamwimbia dada yake."

"Wimbo gani huo usio na wimbo?"

Mumewe, Mwalimu, alifikiri. Hakuna mtu anayeusikia mlio aliozaliwa nao. Mwenye nyumba jirani na reli husikia treni siku inapokosa kupita. Lakini Fundi aliolewa akiwa mtu mzima, na sikio lake lilikuwa la kazi: akiwa jikoni angeweza kukwambia kama sindano ya cherehani imepinda, kwa kusikia tu. Mluzi wa Mzee ulikuwa na mishono. Mrefu, mfupi, mrefu. Kimya. Mfupi, mfupi, mrefu.

"Baba yako alifanya kazi gani posta?"

"Unajua. Simu za maandishi. Yeye mwisho huu wa waya, Shangazi mwisho ule. Wanakwambia walijuliana hali kila siku kwa miaka yote ile, wakionana Jumapili tu. Walikuwa wanapiga ile... " Akaketi kitandani. "Aisee."

"Endelea."

"Mlio mfupi, mlio mrefu. Kila herufi na mpangilio wake." Mwalimu alishika kichwa. "Kile kiti cha dirishani. Mimi sikukikalia hata siku moja. Miaka yote hiyo, mke wangu. Mzazi wangu wa kunizaa."

Za mwizi arobaini, lakini wa nyumbani huongezewa kwa heshima.

Asubuhi, kabla hajawasha pasi, Fundi aliitafuta simuni mwake dawa ya ugonjwa huo. Aliandika maneno hivi, akaandika vile, na haikuchukua muda akaipata: programu ndogo ya bure, yenye picha ya sikio, inayosikiliza milio ya Morse, ile ile ya simu za maandishi, kwa kipaza sauti cha simu na kuiandika herufi kwa herufi, papo hapo, huku mlio unaendelea. Aliiweka. Akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, akaendelea na kazi kama hana habari.

Mwanzoni ilimwaibisha. Iliisikia cherehani ikaandika E E E E E E. Ilisikia bomba la bafuni likitona ikaandika T. Paka wa jirani alilia, ikamwandikia neno zima ambalo halipo katika lugha yoyote. Fundi alisimamisha cherehani na kungoja chai ya saa nne, wakati ndugu wawili walipoketi mlangoni pa jikoni, hatua chache kutoka kwake. Aliisogeza simu karibu na mlango, chini ya kitambaa kilichokatwa tayari.

Mzee alikunywa. Akatazama dari. Akapiga mluzi, taratibu, kama mtu asiye na neno moyoni.

Kwenye kioo herufi zilianza kutoka moja moja, kama kuku wanaotoka bandani.

CHAI NAJI.

Fundi alikunja uso. Kisha simu ikasikia vizuri zaidi, maana Mzee alirudia.

CHAI MAJI.

Shangazi hakuwa mtu wa mluzi. Yeye alivuma puani, huku akimenya viazi, mvumo mwembamba uliokatikakatika ambao Fundi alikuwa akidhani ni mafua ya kudumu. Simu ikaandika: VUMILIA.

Walikuwa wamezoea enzi ambazo kila neno lililipiwa, kwa hiyo hawakutupa maneno ovyo. MWANAO KITAMBI, alivuma Shangazi. MWAKA WA PILI, alijibu Mzee. GAUNI LA JANA BAYA. RANGI TU. MSHONO MZURI. Hapo Fundi akajikuta amekaa wima.

Saa kumi aliwapelekea chai nzito, nyeusi kama lami, majani yakielea.

"Leo hii ni chai au ni dawa ya miguu?" aliuliza Mzee.

"Nimeona isije ikawa maji, Baba."

Kikombe cha Mzee kilisimama katikati ya njia. Alimtazama dada yake. Dada yake alimenya kiazi mpaka kikaisha.

Siku zilizofuata Fundi alijifurahisha, na hakuona aibu. Shangazi alivuma kwamba mgongo unamuuma, na mto ukatokea nyuma yake kabla hajamaliza kuvuma. Mzee alipiga mluzi kwamba ana hamu ya mayai, na mayai yakaja. Wazee walianza kutazamana kwa namna ya watu walioona mlango ukifunguka wenyewe. Jioni moja simu ikaandika: MKE WETU MALAIKA AU MCHAWI. Na jibu: FUNDI. SAWA TU.

Lakini hakukaa kusoma umbea tu. Alilinganisha milio ya mezani aliyoikumbuka na herufi za simu, akajua wanachofanya. Karata zina rangi nne, na wao waliziita kwa herufi moja moja: K kopa, U uru, P pau, S shupaza. Zamu ya Shangazi kuanza ikifika, Mzee anapiga mluzi wa rangi anayoitaka, Shangazi anaitupa, Mzee anakula. Ndiyo hivyo tu. Wangeweza kumfundisha kasuku.

Kuwasikia kungemsaidia kiasi, ila kusikia peke yake hakumtoi mtu ukumbini. Mwizi wa sukari hakamatwi kwa kuhesabu chembe, hukamatwa kwa kutiliwa chumvi kwenye kopo.

Kwa hiyo Fundi alijifunza kupiga mluzi. Alijifunza herufi moja tu, U, na mwalimu wake alikuwa simu ile ile. Fupi, fupi, refu. Alipiga bafuni, simu ikaandika I T. Alikuwa ameacha pengo kubwa mno. Alipiga akiwa anaanika nguo, ikaandika S. Alikuwa amekata mlio wa mwisho mapema. Alipiga huku anatia nyuzi kwenye sindano, huku anapika, huku anafagia. Mwalimu aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa mbele ya simu, midomo mbele kama samaki.

"Na wewe umeota pengo?"

"Niache. Inaniandikia V."

"V ni nini?"

"Ni mshono mmoja wa ziada."

Usiku wa Ijumaa simu iliandika U. Akapiga tena. U. Akamgeukia mumewe akapiga mara ya tatu, na Mwalimu, aliyekuwa ameanza kusinzia, alifumbua jicho akasema, "Umempata Baba. Kabisa. Hata mate yake umeyapata."

Jumapili wakakaa. Meza ya duara, karata, chai, feni darini. Fundi aliiegemeza simu kwenye bakuli la sukari, kioo kikimtazama yeye.

"Simu mezani tangu lini?" aliuliza Shangazi.

"Mwalimu mkuu anaweza kupiga, Shangazi. Kesho anakuja."

"Anakuja kuona redio za kaka yangu?"

"Tutaona anachokuja kuona. Mume wangu, zima hiyo feni, nasikia baridi."

"Baridi? Na jua hili?"

"Zima feni."

Mwalimu alizima. Simu, iliyokuwa ikiandika E E T E T kama mtu anayetetemeka meno, ilitulia.

Mzee aligawa. Walianza kucheza, na mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Mluzi mdogo kwenye pengo la jino, K kwenye kioo cha simu, kopa inashuka, Mzee anakula. Mluzi mwingine, S, shupaza inashuka. Ila sasa Fundi alijua rangi inayokuja kabla haijafika, akazitupa karata zake ndogo kwenye moto na kuzificha kubwa. Mwalimu, ambaye hajui kuficha kitu, alikuwa anamwangalia mkewe kila dakika kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa akanyage breki.

"Leo mnakwenda sawa na sisi," alisema Mzee. "Mmepata wapi nguvu?"

"Ni ile chai, Baba."

Turufu ziliisha zote. Zikabaki karata mbili mbili mkononi na pande zote mbili zikiwa sawasawa. Aliyekula mbili hizi za mwisho ndiye mwenye chumba. Zamu ya kuanza ilikuwa ya Shangazi.

Fundi aliyafanyia hesabu yaliyobaki. Mzee alikuwa ameomba kopa mara tatu, kwa hiyo alichoshika ni kopa, na mfalme wake alikuwa hajatoka. Yeye mwenyewe alibaki na uru mbili: ree, ile kubwa kuliko zote, na nane. Uru nyingine moja ilikuwa bado nje, na kwa kuwa Mzee na Mwalimu waliishiwa na uru mapema, ilikuwa mkononi mwa Shangazi. Shangazi akitupa kopa, Mzee anakula na mfalme, anarudia kopa, anakula tena, na kesho mwalimu mkuu anapokelewa na mapipa. Shangazi akitupa uru, ree inaila, na nane inayofuata haina wa kuipinga.

Shangazi alikuwa anangoja. Alitazama karata zake kwa utulivu wa mtu anayejua barua yake iko njiani.

"Baba, chai yako inapoa," alisema Fundi kwa upole. "Safari hii nimeipima vizuri. Ionje."

Mzee hakuwahi kuikataa chai ya kukaribishwa. Alichukua kikombe, akajaza mdomo.

Na mluzi ukasikika. Fupi, fupi, refu.

Mkono wa Shangazi ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Maisha yake yote ya kazi alikaa mwisho wa waya, na kinachokuja kwa waya hakiulizwi kimetumwa na nani wala kwa nini, kinapokelewa. Aliyafikisha hivyo hivyo matanga ya watu, na harusi, na uhamisho wa mameneja. Karata ya uru ilikuwa mezani kabla hajafumba na kufumbua. Kisha akamtazama kaka yake, akaona mashavu yaliyovimba chai.

Mashavu hayo hayawezi kupiga mluzi.

Fundi aliweka ree juu ya meza, taratibu, akainyoosha kwa kidole kama anayenyoosha kola.

Mzee alipaliwa. Alikohoa, akapigwa mgongoni na mwanawe, akakohoa tena, akafuta macho.

"Nani..." alisema. "Nani amepiga?"

"Amepiga nini, Baba?" aliuliza Fundi.

"Amepiga..." Mzee aliangalia huku, akaangalia kule. Sentensi ilikuwa imemkaa kooni kuliko chai. Angeimaliza, angeeleza pia jino, geti la kijani, kwaya, na kiti cha dirishani, na mwanawe alikuwa amekaa pale pale akimtazama kwa macho ya mtoto wa miaka saba.

"Endelea, Baba," alisema Mwalimu. "Amepiga nini? Hata mimi ningependa kujua."

"Hodi," alisema Mzee. "Nilidhani mtu amepiga hodi."

"Hakuna mtu."

"Basi hakuna."

Fundi aliishusha nane ya uru. Hakuna aliyekuwa na la kuipinga. Alizikusanya karata, akazigonga mezani mpaka zikalingana kingo.

Halafu Shangazi akaanza kuvuma puani, akitazama dirishani, na Mzee naye akapiga mluzi mwembamba, akitazama dari. Simu, kwenye bakuli la sukari, iliandika kila kitu kwa uaminifu.

WEWE ULIPIGA. HAPANA. NANI BASI. MKE WETU.

Mluzi ulikatika. Ukarudi, wa chini zaidi.

MKONO MZITO.

LAKINI SAFI, alijibu Shangazi.

Fundi aliona joto la kufurahi likimpanda shingoni. Watu wa waya hujuana kwa mkono, Mwalimu alimwambia hivyo, na kusifiwa mkono na Shangazi si jambo la kila siku. Alikuwa karibu kumsamehe kila mtu mezani. Ndipo simu ikaongeza mstari mmoja zaidi.

JUMAPILI TUNAKIRUDISHA.

SANA, ulijibu upande wa pili.

Fundi aliusoma mstari huo mara mbili. Aliyeshindwa ana haki ya kudai tena. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Wangebadilisha herufi. Wangehamia kwenye kukonyeza. Wangecheza kwa vidole vya miguu chini ya meza kama ingebidi, na kila Jumapili yeye angeicheza karakana yake upya, na cherehani ingetoka na kuingia kama mgeni asiyejua analala wapi. Chumba kilichopatikana kwa karata kinaondoka kwa karata.

Akasimama.

"Mume wangu, ile drili yako iko garini?"

"Iko. Ya nini?"

"Ilete. Na skrubu nene, zile za kufungia geti."

"Mke wetu, si umalize chai kwanza," alisema Shangazi.

"Nimemaliza, Shangazi. Baba, wagonjwa wako nitawapangia rafu juu ya mlango, watakuwa wanaona barabara. Hakuna atakayewatupa. Ila wanahama sasa hivi."

"Sasa hivi ni lini?"

Fundi alikuwa ameshaondoka. Cherehani ilitoka ukumbini ikiburuzwa miguu, ikapita kati ya mapipa, ikapita mbele ya meza ya karata ambapo Mzee alilazimika kukunja magoti kuipisha. Mwalimu aliingia na drili. Redio tatu zilisogezwa, kisha nne, na mwanga wa dirisha ukaanguka sakafuni pale ambapo haukuwa umefika kwa miaka. Fundi aliipanga cherehani mbele ya dirisha, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akaisogeza kidogo kushoto.

"Toboa hapa," alisema. "Na hapa. Miguu yote minne."

"Unaifunga sakafuni?" Mzee alikuwa amesimama mlangoni, redio moja ya mbao kifuani kama mtoto mchanga.

"Naifunga, Baba."

"Kwa skrubu za geti?"

"Geti la kijani halijawahi kung'oka."

Mzee aliitazama sakafu, akaisogeza redio begani. Nyuma yake Shangazi alikuwa amekuja na simu ya Fundi mkononi, amekisogeza kioo mbali na macho ili asome vizuri, na nyusi zilikuwa zinapanda juu polepole, mstari kwa mstari. Alisoma mpaka mwisho. Halafu akaitia simu mbele ya pua ya kaka yake bila kusema neno, akainama, akaokota skrubu ya kwanza sakafuni, akampa Fundi.

Mwalimu akakandamiza drili. Ilinguruma ikaishika sakafu, na simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, iliisikiliza kwa makini yote, ikaandika T, ikaandika T nyingine, na ikaendelea kuandika T mpaka zikajaa kioo.